Folda ya Binti Sudi

"Bonyeza mara mbili, Mama Rukia, haiumi," alisema Hamdu, mwenye studio ya video, akimwachia kipanya. Kompyuta ile kuukuu alikuwa ameshaiuza, na ndani yake mlikuwa na video ya arusi ya Mama Rukia, ambapo marehemu mama yake aliimba.

Folda zilijaa skrini nzima, kila moja na jina la mteja kama mtaa ulivyomwita. Mama Rukia akaifungua yake. Mlikuwa na picha za akika ya mwanawe tu. Akarudi nyuma, akaifungua tena. Akika ileile.

"Fanya haraka, mama, mnunuzi huyo mlangoni!"

Mara akainuka kitini. "We Hamdu! Siku ya arusi Rukia yuko wapi? Nilikuwa sijazaa!"

"Sasa walikuwa wakikuitaje?"

"Kwa jina la baba! Binti Sudi!"

Akazishusha folda kwa pupa, akapitiliza, akarudi juu. Binti Sudi. Ndani, faili moja. Akabonyeza mara mbili.

Skrini ikawa nyeusi, kisha ukumbi ukawaka taa, na mwanamke mwenye kanga begani akaisogelea kamera, akavuta pumzi.