Jiwe Lenye Miguu

Nilikuwa nimeandika "jiwe" kwenye kibao chetu cha kuandikia chini ya maji. Shangazi akalifuta kwa kidole gumba.

Hii ilikuwa mara yake ya mwisho kuzamia; daktari alikuwa amemkataza kuendelea. Kazi yake ya kuhesabu viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, alitaka kuniachia mimi. Nilishapanga kumkatalia tukifika juu. Sikuona raha ya kuhesabu vitu visivyotikisika.

Akaligeuza lile jiwe, nene na la duara kama mto wa kochi. Chini yake mifereji mitano ilikutana katikati, na kila mfereji ulijaa vijiguu laini, vyembamba kuliko njiti, vikipapasa maji. Kumbe kilikuwa kiti cha pweza.

Nikanyoosha mkono nikirudishe kilivyokuwa. Shangazi akanizuia, akaandika: "Kiache. Kinajua."

Ukingo mmoja ukajikunja. Vijiguu vikashika mwamba, na mwili wote ukaanza kuinuka, taratibu, kama mtu anayeamka kitandani kwake.

Shangazi akatazama kipimo cha hewa, akaniashiria twende juu.

Nikamwonyesha kiganja: asubiri kidogo. Kisha nikaichukua penseli mkononi mwake.