Kichwa cha Mzee Gencho

Kwa siku ya tisa mfululizo walimwondolea mzee Gencho supu yake ya dengu kabla hajaionja, na kwa siku ya tisa mzee akalia.

Zlatina, bintiye, alikuwa akifua mashuka hotelini na kwa kawaida alifika kumwona jioni kwenye nyumba ya wazee alikotunzwa. Siku hiyo alitoroka kazini mchana. Alimkuta mhudumu Inma akitoka chumbani na sinia.

"Babu hataki kula, dada. Kila nikimuuliza anafanya hivi." Inma akakipeleka kichwa kulia na kushoto.

Zlatina alimpokonya sinia. "Anataka! Sisi Wabulgaria tukifanya hivyo ni ndiyo! Mzee wa watu anawaomba chakula, nyie mnamnyang'anya!"

Mzee Gencho alikula sahani mbili, na ya pili akaipangusa kwa mkate.

Zlatina aliandika karatasi kwa herufi kubwa, akaibandika ukutani juu ya kitanda: KICHWA KULIA NA KUSHOTO NI NDIYO. JUU NA CHINI NI HAPANA. Inma aliisoma mara tatu, akaomba radhi, na hakukosea tena. Bi Remedios, mkurugenzi wa ile nyumba ya wazee, hakuomba radhi.

"Hapa ni Hispania, Zlatina," alisema. "Hapa juu na chini ni ndiyo. Siwezi kuweka kamusi ya vichwa kwa kila mgonjwa. Azoee yeye."

"Ana miaka themanini na moja na ugonjwa wa kusahau. Ndiyo kwanza aanze masomo?"

"Hapa ni Hispania."

Zlatina alikuwa ameishi Segovia miaka kumi na saba, na maneno hayo alishayasikia benki, sokoni na shuleni kwa mwanawe. Yalimchoma kila mara kama mara ya kwanza. Bi Remedios akiing'oa karatasi, yeye anabandika nyingine. Ya sita aliipaka gundi ya mbao, na hiyo ikabaki.

Mwezi wa Novemba Bi Remedios alimwita ofisini.

"Baba yako hakutambui tena. Ghorofa ya tatu kuna nafasi."

Ghorofa ya chini walikaa wale ambao bado waliwajua watu wao, na Jumapili waliruhusiwa kwenda nyumbani. Ghorofa ya tatu mlango ulifunguliwa kwa namba za siri, na mgonjwa akishapanda huko hatoki.

"Ananitambua," alisema Zlatina.

"Anakuomba tiketi, Zlatina."

"Anamwomba kila mtu tiketi! Alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni miaka thelathini na nane. Ni utani wetu ule."

Na kweli Zlatina alikuwa na tiketi moja ya zamani mfukoni mwa koti lake. Kila alipofika, mzee alinyoosha mkono, akaikagua mbele na nyuma, akamrudishia na kusema, "Safari njema, bibi." Zlatina alicheka kila siku. Mtu asiyekujua hawezi kukutania hivyo, aliwaambia wote waliokubali kumsikiliza.

Jumapili ndiyo iliyomtia kiburi. Baraza ya nyumba yake ilitazama reli. Mzee alikaa pale na sahani ya pilipili hoho zilizojazwa wali mapajani, saa mkononi, akilikaripia kila treni lililochelewa. Hiyo Jumapili asingemwachia mtu, awe mkurugenzi, awe nani.

"Mlete daktari," alimwambia Bi Remedios. "Ampime mbele yangu."

Daktari alikuja Alhamisi, kijana mwenye haraka zake. Alivuta kiti, akakaa ameipa mgongo ile karatasi ukutani, akatoa simu.

"Simu itauliza kwa Kibulgaria," alisema. "Ndugu haruhusiwi kutafsiri. Ukitamka neno moja kabla sijaandika, mama, nimefuta kipimo."

Bi Remedios alisimama mlangoni, mikono kifuani. Zlatina alisimama miguuni pa kitanda. Ndani ya basi alikuwa ameipanga vita yote. Baba angepeleka kichwa kulia na kushoto, daktari angeandika hapana, naye angeielekeza ile karatasi na kupiga kelele mpaka nyumba nzima isikie. Hata magazeti angeyaita. Alikuwa tayari.

Simu ikauliza kwa sauti kavu, "Je, mwanamke huyu ni binti yako?"

Mzee Gencho alimtazama Zlatina muda mrefu. Aliziangalia nywele zake, akaliangalia koti, akaiangalia mikono iliyobabuka kwa sabuni. Maisha yake yote hakuwahi kumjibu abiria ovyo. Kisha akakiinua kichwa juu, akakishusha chini. Akarudia tena, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeomba samahani.

"Ndiyo," alisema daktari, akaandika. "Anamtambua. Atabaki ghorofa ya chini."

Zlatina alikishika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili. Macho yalimjaa machozi, na hakuyafuta.

Pale mlangoni Bi Remedios alikunja uso. Aliinua macho kwenye karatasi ya sita na kuisoma, huenda kwa mara ya kwanza, mpaka mwisho.

"Ngoja kidogo, daktari," alisema. "Zlatina, si wewe mwenyewe uliyesema kwamba kwenu…"

"Hapa ni Hispania," alisema Zlatina.