Umerudi

Skrubu ya tatu iligoma. Edgar aliikandamiza bisibisi kwa mikono miwili, jasho likimdondoka puani, mpaka mbao ya mlango ikalia.

"Jirani, kitasa kizima hicho," Marijani alisema kutoka uani kwake. "Unakitoa cha nini?"

"Naweka kipya. Ufunguo mmoja tu. Wangu."

"Na Mama Allen?"

"Aende kwa bwana wake."

Marijani alicheka, akidhani ni utani. Edgar akamtupia simu ambayo mkewe, Apolonia, aliisahau kitandani asubuhi. Alikuwa amemwandikia mtu anayeitwa Talha: "Umerudi. Baba Allen asijue kwanza." Talha alijibu: "Njoo saa nne. Nakusubiri."

"Mwezi mzima anavaa soksi mpaka kitandani," Edgar alisema. "Soksi, joto hili la Kibamba! Nikimgusa anajikunja. Kumbe bwana alikuwa safarini, anamtunzia."

"Anamtunzia kwa soksi? Mie nilijua wananunuaga manukato."

"Usinichekeshe, Marijani."

Kilichomchoma zaidi ni kwamba alimuuguza. Miaka miwili iliyopita, mwili wa Apolonia ulipoanza kuishambulia mishipa yake wenyewe ya damu, miguu ikamjaa madoa mekundu yenye maumivu, Edgar ndiye aliyembeba kumpeleka chooni. Ndiye aliyemkatia vidonge nusu, kisha robo, kama daktari alivyoagiza, hadi siku walipoambiwa ugonjwa umetulia. Kumbe alikuwa akimponyea mwanamume mwingine!

Skrubu ikachomoka. Kitasa kikaanguka sakafuni kwa kishindo, mlango ukabaki na tundu. Marijani aliruka msingi wa ukuta uliotenganisha nyua zao, akamnyang'anya bisibisi.

"Kipya utafunga kesho, ukishapoa. Leo utajitoboa."

Ndipo Apolonia akaingia, mkono wa kushoto ameukunja kifuani. Aliliangalia lile tundu, akamwangalia mumewe.

"Talha katoka wapi?" Edgar alifoka. "Sema! Karudi lini?"

"Nani karudi?"

"Si umeandika mwenyewe!" Akaichukua simu kwa Marijani, akamsukumia usoni.

Apolonia aliusoma ujumbe wake polepole, mara mbili. Kisha akaunyoosha mkono. Ndani ya kiwiko ilikuwa imebandikwa pamba yenye tone la damu.

"Talha ni mpimaji wa maabara, hajasafiri popote," alisema. "Uliorudi ni ugonjwa, Baba Allen."