Mtihani wa Kifaa cha Korongo

Bwana Mkude alitaka kifaa cha kumfuatilia korongo, kiwe chepesi kuliko yai la njiwa na kisivunjike miaka mitatu. Vya mafundi wengine wawili vilikwisha kumfia mkononi. Hiki alichotengeneza fundi Tunu kikifaulu, angepewa kazi ya kutengeneza vingine arobaini.

Tunu hakuwa na maabara. Alikuwa na bintiye Mwanasha, wa mwaka mmoja na nusu, aliyekwisha kumaliza simu mbili na miwani ya bibi yake.

"Shika, mama," alimwambia.

Mwanasha alikitafuna, akakigonga sakafuni, akakichovya kwenye uji, kisha akatoka nacho uani. Kwenye simu ya Bwana Mkude, aliyekaa ndani na Tunu, doa jekundu la kifaa lilimfuata hatua kwa hatua.

"Bado kizima," alisema Bwana Mkude, kama asiyeamini.

"Huyu akishindwa kukivunja, kaka, korongo ataweza wapi?"

Mara doa likashika kasi. Likapita juu ya nyumba ya jirani, likavuka barabara.

Tunu alikimbilia mlangoni, akakutana na Mwanasha anarudi mikono mitupu, anamnyooshea kidole kunguru aliyekuwa akiyoyoma juu ya mabati.

"Kaka, nisamehe. Ngoja nimfuate."

"Mwache," alisema Bwana Mkude, macho hayabanduki kwenye simu. "Tuone analala wapi."

Doa lilitua sokoni, likapumzika kidogo, likaendelea.