Dole Gumba la Kilindo

"Tangu juzi mtaa mzima hauna mtandao! Mafundi gani nyie?" Kilindo, mnunuzi wa vyuma chakavu, alifoka mbele ya majirani huku akinyonya dole gumba.

Mwanaidi, fundi wa mtandao, hakuacha kazi. Alichuchumaa mtaroni, akizisogeza ncha mbili za uzi wa kioo mwembamba kuliko unywele zigusane ndani ya kiungio. Mwizi aliukata waya wa mtandao akitaka shaba, akakuta kioo, akautupa palepale.

Akakibana kiungio. Simu zikaanza kuita.

"Mwanangu, una kibano?" Kilindo aliuliza, sasa kwa upole. "Kuna kitu kimenichoma tangu juzi, wala hakionekani."

Mwanaidi aliukamata mkono ule, akauinua juani. Doleni kulimeta kipande cha uzi wa kioo.

"Sogeeni mwone," aliwaambia majirani, wala hakuuachia mkono.