Swichi Iliyoganda

Pasi ilikuwa haizimi. Fundi umeme alikuwa ameifungua mezani sebuleni, bisibisi mkononi, akimwonyesha binti yake vibati viwili vya swichi vilivyogandana. Waya ni mzima, kipasha joto ni kizima, alisema. Ukorofi wote uko hapa padogo.

"Basi nina mgonjwa wa namna hiyohiyo," binti akasema.

Fundi akainua macho. Binti yake alikuwa daktari wa saratani, na tangu yuko chuoni alikuwa na mazoea ya kumfanyia baba yake majaribio: jambo likimwingia fundi, litawaingia na ndugu wa wagonjwa. Kila mara alimwomba ajifanye hajui kitu, na kila mara fundi alimjibu kwamba hilo wala halihitaji kujifanya. Leo hakumwomba ajifanye chochote. Alikwenda kurudishia mlango wa jikoni, akarudi kukaa.

Akaanza kumweleza. Ndani ya kila chembe ya mwili mna jeni, yaani maagizo ya kazi, na mbele ya jeni kuna kipande kidogo kinachoitwa promota.

"Kama promota wa ngumi?"

Binti alitabasamu kidogo, akakubali kwamba wanafanana. Promota haingii ulingoni, ila bila yeye hakuna pambano. Hii ya mwilini ndiyo swichi inayoamua jeni ifanye kazi lini na kwa kiasi gani. Jeni ya mgonjwa huyu haina kasoro yoyote. Ilipaswa iwe imelala siku nyingi. Lakini sehemu ndogo mno ya promota imebadilika, jeni imeamka, na sasa inaziambia chembe za uvimbe zisizeeke, zisife, ziendelee tu kuongezeka.

Mkono wa fundi ukapanda shingoni, penye plasta. Alikuwa na kinundu hapo, kikakatwa kipande hospitalini kwa binti yake kikapimwe, na mpaka leo alikuwa hajaambiwa majibu. Kumbe majibu yenyewe ndiyo haya. Akamtazama binti yake vizuri: amepungua, macho yameingia ndani, kavaa koti zito na joto lote hili, chai hajaigusa. Akajilaumu kwamba ni yeye anayemkosesha mtoto usingizi. Akaamua kumrahisishia.

"Swichi hiyo haibadilishwi?" aliuliza, kana kwamba anauliza habari za mtu baki.

"Hatujui kuibadilisha, baba. Tunajua ilipo, tunaisoma vizuri kabisa. Tunaishia hapo."

"Na dawa?"

"Zinachelewesha tu. Huyu alichelewa kupima. Alikuwa anahangaika na ya wengine."

Fundi alitikisa kichwa. Ni kweli, alikuwa hivyo maisha yake yote: pasi za watu, feni za watu, na yeye mwenyewe baadaye. Alizoea kwamba kitu kikishajulikana kilipoharibikia, kazi imekwisha nusu. Hapa kila kitu kilikuwa kinajulikana na hapakuwa na la kufanya. Aliiweka bisibisi chini.

Nyuma ya mlango mkewe alikuwa akiimba pamoja na redio, akikosea maneno na kuendelea bila wasiwasi. Fundi akausikiliza wimbo. Akajikaza.

Alisema huyo mgonjwa aambiwe asihofu sana. Mtu amekula chumvi, amelea, amesomesha, mpaka daktari amemtoa nyumbani kwake. Anataka nini tena?

"Baba, sikiliza..." binti akaanza.

"Najua, mwanangu," fundi akamwambia. "Usijitese. Nilishaelewa tangu ulipoanza. Na mama yako niachie mimi, nitamweleza mwenyewe."

"Utaweza, baba?"

"Nitaweza. Ni mke wangu, najua pa kuanzia."

Machozi yalimtiririka binti na hakujisumbua kuyafuta. Alisogea, akabandua plasta shingoni kwa baba yake, akakitazama kidonda kama daktari, kisha akaibandika tena taratibu.

"Majibu yako yametoka," alisema. "Ni mafuta tu. Huna ugonjwa wowote, baba."

Fundi aliangua kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Alicheka mpaka akakohoa, akageukia mlango wa jikoni ili amwite mkewe naye aje acheke. Binti akamshika mkono kumzuia; vidole vyake, vikitokea kwenye lile koti zito, vilikuwa mifupa mitupu.

"Mama mweleze wewe, kama ulivyosema," alimwambia. "Mimi nimeshindwa."