Konokono wa Baiskeli

Fundi cherehani alijibanza nyuma ya lori la mchanga, futi ya kupimia ingali shingoni, akachungulia. Kule mbele, chini ya kilima, binti yake alikuwa ameshuka tena kwenye baiskeli. Ameinama, anachezea mnyororo. Na mnyororo wenyewe wala haujatoka!

"Panda sasa," mama huyo alinong'ona. "Panda, mwanangu, kengele italia."

Wenzake walikwishapita zamani, wakimzomea, "Konokono! Konokono!"

Shule ilikuwa imewaazima baiskeli watoto wanaokaa mbali, kwa sharti moja: waende wenyewe. "Mkiwaganda kama kupe hawatajiamini," mwalimu wa michezo aliwaambia wazazi. Mama huyu aliitikia kwa sauti kuliko wote. Siku ya kwanza tu, moyo ukamshinda. Barabara ile haiishi malori, na mtoto ndiye huyo huyo mmoja. Aliacha nguo za watu mezani, akakata vichochoro, na kila asubuhi tangu hapo humfuata kwa siri, akichechemea na goti lake bovu, mpaka amwone ameingia getini. Ndipo roho hutulia, akarudi kushona.

Lakini mwendo wa mtoto ulimtia wasiwasi mpya. Mara asimame anywe maji. Mara ashuke akaze kamba ya kiatu. Kinyonga ana haraka kuliko yeye.

Ijumaa mwalimu alimwita.

"Mama, binti yako anachelewa kila siku. Kuna watoto wengi wanaisubiri hiyo baiskeli. Jumatatu akichelewa tena, nampa mwingine."

"Labda anaogopa, mwalimu."

"Aogope nini? Jioni wakirudi hakuna anayemshika. Hata wavulana wakubwa wanakula vumbi lake."

Mama alirudi nyumbani hajui ashike lipi. Alibonyeza matairi, akajaribu breki, akampapasa mtoto paji la uso.

"Unaumwa?"

"Siumwi, Mama."

"Kuna mtu anakusumbua njiani?"

"Hapana, Mama."

Jumapili nzima hakukalika. Alishona suruali ya mteja, mguu mmoja nje, mwingine ndani, akaifumua huku akijilaumu. Mtoto aliipenda baiskeli ile kupita kiasi. Akinyang'anywa, atamwambia nini?

Sasa ndiyo Jumatatu yenyewe, na mtoto kaganda chini ya kilima kama vile shule imehamishwa. Uvumilivu ukamwisha. Siri na ifichuke, liwalo na liwe! Akatoka nyuma ya lori akipunga mikono.

"We mtoto, unangoja nini hapo? Baiskeli nzima hiyo! Kimbiza, watakunyang'anya!"

Binti hakushtuka. Hakuuliza mama ametokea wapi. Alijifuta grisi vidoleni kwa majani, akamtazama anavyohema.

"Nakungoja wewe, Mama," alisema. "Nikikimbiza hutaniona nikifika, na usiponiona nimefika, utashinda hujashona kitu."